Anayepaa na Anayerudi

Mazungumzo haya, yanayowaendea wasikilizaji wa Keringet na wa nyanda za juu zinazotoka Molo, kupitia Kuresoi, hadi Olenguruone, yanahusu namna shairi fupi la kuruka angani linavyoweza kuzaa tamthilia ya runinga yenye mizimu na miujiza, na sababu inayoifanya tamthilia ya namna hiyo kuanzia pale hasa shairi linaponyamaza. Kwa tamthilia ya mizimu na miujiza inakusudiwa hapa ile ambayo tukio lake kuu halifuati kanuni za kawaida za maumbile: mfu hurejea kwa walio hai, wakati hurudi nyuma, au mtu hupewa muhula wa pili baada ya saa yake kupita. Shairi la kuruka, kwa upande wake, mara nyingi huwa na mwendo mmoja tu, nao ni wa kupanda; humtoa mtu ardhini, humwinua juu ya mawingu, na humwacha huko. Aliyebaki chini akimngoja, na jinsi huyo aliyepaa atakavyorudi, havimo katika shairi, na hivyo ndivyo mtunzi wa tamthilia anavyovihitaji.

Shairi mashuhuri kuliko yote ya aina hii katika Kiingereza ni High Flight, lililotungwa na John Gillespie Magee, kijana aliyezaliwa Shanghai nchini China mwaka 1922, baba yake akiwa mmisionari Mmarekani na mama yake Mwingereza. Alisoma Uingereza, akaenda Marekani kabla ya vita kupamba moto, na mwaka 1940, wakati Marekani ilikuwa bado haijaingia katika Vita vya Pili vya Dunia, akajiunga na Jeshi la Wanahewa la Kanada ili apate kuruka. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza akirusha ndege ya kivita aina ya Spitfire. Katika barua ya tarehe 3 Septemba 1941 aliwatumia wazazi wake shairi hilo, akaeleza kwamba lilianza kumjia akiwa kwenye kimo cha futi 30,000 na kwamba alilimaliza muda mfupi baada ya kutua. Kimo hicho kinazidi mita 9,000, yaani karibu mita 4,000 juu ya kilele cha Mlima Kenya, na rubani wa wakati huo aliyefika huko alikuwa peke yake ndani ya chumba chembamba chenye baridi kali, akipumua hewa ya oksijeni kupitia kifuniko cha uso. Shairi halisemi lolote kuhusu baridi hiyo, wala kuhusu bunduki zilizofungwa mabawani, wala kuhusu adui. Linasema furaha tupu ya kuwa juu, na linaishia rubani akiwa amefika mahali anapojiona yu karibu kabisa na Mungu.

Tarehe 11 Desemba 1941, miezi mitatu tu baada ya barua hiyo, ndege ya Magee iligongana mawinguni na ndege ya mafunzo katika mkoa wa Lincolnshire, Uingereza. Alifanikiwa kutoka ndani ya ndege yake, lakini alikuwa karibu mno na ardhi, na mwavuli wa kuokolea, yaani parachuti, haukupata nafasi ya kufunguka. Alikuwa na umri wa miaka 19. Rubani wa ndege ile nyingine, kijana aliyekuwa bado mwanafunzi, alifariki pia, na hakuna shairi linalomkumbuka.

Umbo la shairi lenyewe linasaidia kueleza kwa nini halirudi chini. High Flight ni soneti, yaani shairi la mishororo 14 ambalo hujenga wazo lake hatua kwa hatua hadi kikomo, bila kurudia mshororo wowote. Msikilizaji aliyezoea shairi la Kiswahili la mishororo minne katika kila ubeti, lenye vina vya kati na vya mwisho, anajua kwamba mara nyingi ubeti hufungwa kwa kibwagizo, mshororo unaorudiwa bila kubadilika toka mwanzo hadi mwisho, hivi kwamba hata mtunzi akitembea mbali kiasi gani katika mishororo mitatu ya kwanza, ule wa nne humrudisha alikoanzia. Soneti ya Magee haina kamba ya namna hiyo. Inapanda na kukatika.

Baba yake Magee, aliyekuwa kasisi jijini Washington, alilisambaza shairi hilo kupitia machapisho ya kanisa, na mapema mwaka 1942 mshairi Archibald MacLeish, aliyekuwa akiongoza Maktaba ya Bunge la Marekani, aliliweka katika maonyesho ya mashairi ya imani na uhuru. Kutoka hapo likaingia katika runinga kwa njia ambayo watazamaji wa siku hizi wanaweza kuiona ngeni: vituo vingi vya Marekani, kabla ya kuzima mitambo usiku, vilionyesha filamu fupi ya ndege ya kivita ikipenya mawingu huku sauti nzito ikilighani shairi hilo, jinsi runinga ya taifa nchini Kenya ilivyozoea kufunga matangazo kwa wimbo wa taifa. Hivyo kizazi kizima kikalijua shairi la Magee kama sauti ya mwisho kabla ya giza la kioo. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga Challenger kilipolipuka muda mfupi baada ya kurushwa na watu wote saba waliokuwamo kufariki, Rais Ronald Reagan aliihitimisha hotuba yake ya maombolezo kwa maneno yaliyotoka katika shairi hilo hilo. Furaha ya kijana wa miaka 19 ilikuwa imekwisha kugeuka maneno ya mazishi, na yeyote aliyelisikia shairi baada ya hapo alikuwa akisikia pia kile ambacho halikukitaja.

Tamthilia ya runinga inayofaa zaidi kuwekwa kando ya shairi hili, ingawa haikutungwa kutokana nalo, ni sehemu iitwayo The Last Flight katika mfululizo wa The Twilight Zone, ulioasisiwa na Rod Serling na kurushwa na kituo cha CBS tangu Oktoba 1959 hadi mwaka 1964. Serling mwenyewe alikuwa amepigana nchini Ufilipino akiwa askari wa miavuli, na mfululizo wake ulirudi mara kwa mara kwa watu waliotoka vitani bila nafsi zao kutoka nao. The Last Flight iliandikwa na Richard Matheson na kuonyeshwa tarehe 5 Februari 1960. Inamhusu Luteni Decker, rubani Mwingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambaye mwaka 1917 anaingia katika wingu jeupe lisilo la kawaida, na anapotoka anatua na ndege yake ya mbao na turubai katika uwanja wa jeshi la Marekani nchini Ufaransa, mwaka 1959. Wamarekani wanamwona mwendawazimu au laghai. Kidogo kidogo inadhihirika kwamba Decker hakuwa amepotea njia: alikuwa akitoroka. Alikuwa amemwacha rafiki yake, Mackaye, amezingirwa na ndege za adui, akajificha mawinguni kwa woga. Kisha anaambiwa kwamba Mackaye hakufa, bali ni ofisa mkuu anayetarajiwa kuwasili katika uwanja huo siku ile ile. Decker anatambua kwamba kama rafiki yake aliokoka, basi lazima mtu fulani alirudi kumwokoa, na kwamba katika anga lile lote hakukuwa na mtu mwingine wa kurudi ila yeye. Analazimisha njia hadi kwenye ndege yake, anaingia tena katika wingu, na anakufa mwaka 1917. Mackaye anapofika, amezeeka, anathibitisha kila kitu.

Thamani ya mchezo huo haimo katika wingu la ajabu. Wingu ni mlango tu, na Matheson hapotezi hata dakika moja kulieleza. Ubora wake ni kwamba miujiza inatumikia swali la wajibu, kwa sababu mtu aliyepanda juu akajiona huru anadaiwa na mtu aliyebaki chini yake, na deni hilo halifutwi kwa miaka 42 wala kwa bahari ya mawingu. Shairi la Magee na tamthilia ya Matheson zina anga moja. Tofauti ni kwamba mmoja anauliza juu kuna nini, na mwingine anauliza nani aliachwa. Filamu ya Uingereza ya mwaka 1946, A Matter of Life and Death, iliyoongozwa na Michael Powell na Emeric Pressburger, ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo kabla ya runinga: rubani ambaye pia ni mshairi anaghani beti redioni huku ndege yake ikiteketea, anaruka bila parachuti, anaokoka kwa kosa la mjumbe wa mbinguni aliyempoteza ukunguni, na hatimaye lazima ajitetee mbele ya mahakama ya wafu kwamba anastahili kuendelea kuishi.

Mashairi ya Kiswahili yalikuwa yamelikabili suala hili zamani zaidi, na kwa namna iliyo kamili zaidi. Washairi wa pwani wametunga tenzi kuhusu Miraji, yaani safari ya usiku ambayo kwayo Mtume Muhammad alichukuliwa na mnyama Buraki kutoka Makka hadi Jerusalem, kisha akapandishwa mbingu baada ya mbingu. Katika kisa hicho kupanda si mwisho. Mtume anarudi usiku ule ule akiwa na faradhi ya swala tano, na asubuhi anawasimulia watu wa mji wake, ambao wengi wao wanamkanusha. Waganda nao wana simulizi ya Kibuuka, shujaa wa vita aliyepaa hadi ndani ya wingu na kuwarushia Wanyoro mishale kutoka juu, mpaka mateka mwanamke alipoijua siri yake na kuwapelekea watu wake habari. Kibuuka alichomwa mshale, akaanguka juu ya mti huko Mbale, Mawokota, na mahali alipoangukia ndipo alipojengewa hekalu na kufanywa mungu wa vita. Tenzi za Miraji ni za dini na simulizi ya Kibuuka ni ya jadi, wala hazipaswi kuchanganywa, lakini zote mbili zinajua kwamba habari ya anayepaa haijakamilika hadi watu wa chini wapate sehemu yao.

Swali linalofuata ni kama Nakuru na viunga vyake vina habari ya namna hiyo. Mwaka 1941, mwaka ule ule Magee alipokuwa akiandika, Jeshi la Wanahewa la Uingereza lilihamishia Nakuru kitengo chake nambari 70 cha mafunzo, ambacho kazi yake ilikuwa kuwaandaa wanahewa wa nchi mbalimbali za Jumuiya ya Madola kwa ajili ya vita vya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, wakitumia ndege za mabomu aina ya Blenheim. Mji wa Nakuru uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo kama hicho hewa huwa nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na ndege yenye mzigo huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kaskazini mwa mji umesimama Menengai, magharibi Mau, na kila anayeishi Keringet anajua jinsi ukungu unavyoweza kuushukia msitu wa Mau mchana kweupe. Wapo wanahewa wa wakati huo waliozikwa katika makaburi ya vita ya Nakuru Kaskazini. Hao walikuwa rika la Magee, walijifunza kuruka juu ya mashamba haya haya, na ni nadra sana wakaazi wa Bonde la Ufa kuwataja.

Menengai yenyewe ni kaldera, yaani shimo kubwa linalobaki kilele cha volkano kinapoporomoka ndani, na simulizi zake zinatosha mfululizo mzima wa runinga. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 Wamaasai wa Purko na wa Laikipia walipigana ukingoni mwake, walioshindwa wakatupwa chini, na mvuke unaotoka maweni ni roho zao zikitafuta njia ya kupanda. Wakikuyu wanapaita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu. Wapo wanaosimulia watu waliopotea humo kwa saa au siku bila kukumbuka walikokuwa, na wapo wanaosimulia mwavuli unaoonekana ukielea juu ya shimo mvua inaponyesha, kisha ukatoweka. Tangu mwaka 2011 visima vya mvuke wa jotoardhi vimekuwa vikichimbwa humo, na sababu ya kimaumbile ya mvuke ule inajulikana vizuri. Simulizi hazikukoma kwa sababu hiyo. Mtunzi wa tamthilia ana haki kamili ya kuuweka mwavuli huo unaoelea karibu na parachuti za vijana waliojifunza kuruka Nakuru mwaka 1941, si kwa kudai kwamba ndivyo ilivyokuwa, bali kwa kuwa hadithi mbili zilizokaa jirani kwa muda mrefu hivyo zinastahili kukutanishwa.

Hapo ndipo mtunzi wa Keringet anapopaswa kuwa mwangalifu, maana wafu hawakai mahali pamoja katika imani za watu wote. Tamthilia za Marekani na Uingereza huwatuma wafu juu na kuwarudisha kutoka juu, kwa wingu, kwa ngazi, kwa mwanga. Katika imani ya jadi ya Wakipsigis, kama ilivyo kwa ndugu zao Wanandi, aliye juu ni Asis, anayehusishwa na jua, lakini roho za marehemu, ziitwazo oiik, makao yake ni chini ya ardhi. Nazo hurudi kwa njia ya majina. Mtoto anapozaliwa, wanawake wazee hutaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, wakati mwingine wakimsaidia mtoto kwa ugoro kidogo puani, na jina linalotajwa anapopiga chafya ndilo la yule aliyekubali kurudi. Jina hilo la roho huitwa kurenet. Wakikuyu nao huwapa watoto majina ya babu na nyanya kwa mpango maalumu, ili ukoo usipoteze mtu. Kwa watu hawa, sehemu ya tamthilia inayomrudisha rubani kupitia wingu jeupe ingekuwa imeazima mlango usiokuwa wao, ilhali mlango wao uko wazi, chini ya miguu yao na midomoni mwa wazee wao.

Jambo hili si la kuchezea katika eneo la Molo na Kuresoi, ambako Wakipsigis, Waogiek, Wakikuyu na wengine wamelima na kuuza viazi na maziwa pamoja, na ambako watu waliuawa na kufukuzwa makwao mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wafu wa eneo hili wangali na ndugu walio hai, na mtunzi atakayewaita katika runinga ajue kwamba anaita majina yanayoitikiwa nyumbani kwa watu.

Kisa kinachofaa kuliko vyote kwa tamthilia hiyo kilitokea Voi tarehe 14 Mei 1931. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa ameishi Kenya miaka mingi na aliyekuwa akitafuta makundi ya ndovu kutoka angani kwa ajili ya misafara ya uwindaji, alipaa kwa ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth, akazunguka, kisha ndege ikaanguka na kuwaka moto. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na ambaye mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi pwani ya Kanada, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1942 kwamba alikuwa amealikwa katika safari hiyo, na kwamba mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, alimshauri asiende, bila sababu yoyote iliyo wazi. Finch Hatton alizikwa katika milima ya Ngong na kujengewa mnara, na Karen Blixen akaandika katika kitabu chake cha mwaka 1937 kwamba simba walionekana wakipumzika juu ya kaburi hilo. Maonyo, simba na mnara vyote vimempata Finch Hatton. Ndani ya ndege ile, hata hivyo, walikuwamo watu wawili, na wa pili alikuwa mtumishi wake Mkikuyu, aliyeitwa Kamau.

Katika masimulizi mengi Kamau ni jina moja tu, lisilo na ukoo wala kijiji, linalotajwa katika nusu ya sentensi. Alipanda kama Finch Hatton alivyopanda, akaona nyika ya Voi kutoka juu kama rubani alivyoiona, wakati ambapo ni Waafrika wachache sana nchini Kenya waliokuwa wamewahi kuona nchi yao kutoka angani, na hakuna aliyemuuliza aliona nini. Shairi la kuruka ambalo bado halijatungwa katika Kiswahili ni lake, na linafaa litungwe kwa bahari ya shairi lenye kibwagizo, ili kila ubeti upae na kila kibwagizo kitue. Sehemu ya tamthilia itakayotokana nalo haihitaji ndege ya gharama wala mawingu ya kompyuta. Inahitaji sauti ya injini inayosikika bila kuonekana, jambo ambalo redio ilijifunza kabla ya runinga; inahitaji waigizaji wazee wanaozungumza Kikikuyu na Kikipsigis kwa ufasaha, maandishi ya Kiswahili yakipita chini ya kioo; na inahitaji nyumba moja yenye mtoto mchanga, ambamo majina ya ukoo yanatajwa kwa mpangilio wake hadi mzee mmoja anapokumbuka kwamba yupo Kamau ambaye hajarudishwa tangu mwaka 1931, na familia inalazimika kuamua kama itampa mtoto jina la mtu aliyekufa akiwa ameajiriwa na mwingine, katika ndege isiyokuwa yake, mbali na kwao.